Droo za Watu

Mimi kazi yangu ni uchafu wa watu. Mwaka wa kumi na tisa huu nasafisha vyumba vya hoteli, ghorofa ya tatu, vyumba kumi na vinne kwa zamu, na kama kuna kitu binadamu anakiacha nyuma yake, nimekishika kwa mkono huu. Kucha za miguu zilizokatwa na kupangwa kwenye kisahani cha sabuni. Nywele zilizoziba bomba la bafu, unazivuta zinakuja ndefu na zina ute. Bazoka iliyotafunwa ikabandikwa chini ya meza, na mwenyewe ukikutana naye kwenye ngazi amefunga tai. Wenzangu wanasema mtu huzoea. Mimi sijazoea. Kinyaa nilichokuwa nacho siku ya kwanza ninacho mpaka leo, ndiyo maana vyumba vyangu vinang'aa.

Lakini kitu cha mgeni sikigusi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kufagia ni nyongeza. Saa ya mgeni ikiwa mezani, unafuta vumbi kuizunguka. Droo ikiwa wazi kidogo, unaiacha wazi kidogo. Mlangoni unagonga mara tatu, unasema "Usafi," unasubiri, ndipo unaingia. Miaka yote hiyo sijaitwa hata mara moja ofisini kwa meneja.

Aliyeniita mwizi ni dada yangu wa tumbo moja. Wala hakuniita kwa mdomo, angeniita ningemjibu. Miaka minane iliyopita nilikuwa nakaa kwake, yeye na mumewe, nalala sebuleni. Siku moja bangili ya dhahabu, ile aliyopewa na Mama, naye Mama alipewa na mama yake, haikuonekana kwenye droo ya meza ya kioo. Dada akatafuta, akatafuta tena, kisha akakaa kitandani akasema, "Humu ndani tuko watatu." Basi. Mwenye macho haambiwi tazama. Wiki ile ile nikafunga mizigo yangu.

Maneno yakamfikia Mama, sijui kwa njia gani. Tangu hapo, nikienda kumsalimia, hata kabla sijavua viatu, Mama anauchukua mkoba wake mezani na kuusukuma chini ya mto. Ananikaribisha, ananiuliza habari za kazi, na mkono mmoja uko juu ya mto. Miaka minane. Nikitoka pale huwa natema mate njiani, na mimi si mtu wa kutema mate njiani.

Sasa mwezi uliopita Dada akapasuliwa macho. Daktari akamfunga bandeji macho yote mawili, siku kumi, asiinue kitu, asiiname. Mumewe amekufa mwaka juzi, watoto hawakujaliwa, Mama miguu haina nguvu. Nani kabaki? Mwizi. Nikawa nikitoka zamu saa tisa alasiri napitia kwake, nampikia, namwogesha, nafua. Sikwenda kwa mapenzi, nisidanganye mtu. Nilikwenda kwa sababu ndugu ni ndugu, hata akikuudhi.

Siku ya tatu akasema amechoka kusikiliza redio. "Mdogo wangu, hebu nichomekee lile gemu la marehemu. Wewe shika, mimi nitakuelekeza. Nimelicheza na shemeji yako mpaka nalijua kwa kichwa."

Ile mashine nilijua ipo, ilikuwa chini ya televisheni imefunikwa fulana kuukuu ya shemeji. Nilipoiinua fulana, mende wawili walikimbia na wa tatu akaanguka kwenye kidole changu cha mguu. Vumbi lilikuwa limegandamana na mafuta. Rimoti yake, ile ya waya, vitufe vilinata, ukibonyeza kimoja kinabaki chini kwanza, kisha kinarudi kwa uvivu. Hicho si kitu kingine, ni jasho la vidole vya mtu na soda aliyomwaga. Nikaleta spiriti na pamba, nikakaa sakafuni nusu saa.

"Bado?" Dada akauliza.

"Bado. Shemeji alikuwa anakula chakula humu ndani?"

"Acha hizo. Toa kaseti uipulize kwa mdomo, ndipo iwake. Yeye aliipuliza kila siku."

Nikaitazama kaseti. Mdomoni mwake vile vibati vimeota kijani. Miaka ya mate ya marehemu, Mungu amrehemu, na mimi niongeze ya kwangu juu yake. Nikapitisha pamba yenye spiriti mara nne, pamba ya kwanza ikatoka nyeusi. Nikachomeka, ikawaka mara moja. Dada akasema ni bahati.

Muziki ukaanza, na Dada akatabasamu chini ya bandeji zake. Yote waliyowahi kucheza yalikuwa yamefutika, betri ya ndani ya kaseti imekufa, ikabidi tuanze upya. Mashine ikauliza jina la shujaa. "Andika Nyigu," Dada akasema. Nyigu ni mimi. Aliniita hivyo utotoni kwa sababu ya hasira zangu. Nikaandika, lakini sikucheka.

Hadithi yenyewe ni hii. Shujaa anaamshwa na mama yake, anapewa fimbo, anaambiwa zimwi limeiba taa ya mfalme, nenda kailete. Hapo sikuwa na neno. Kisha Dada akaniambia, "Usitoke kijijini kwanza. Ingia kila nyumba."

"Kitufe cha kubisha hodi ni kipi?"

"Hakuna hodi. Sukuma tu mlango."

Nikasukuma. Ndani mwanamume amekaa mezani kwake na mkewe, wametulia. Dada akasema nyuma yao kuna kabati, nifungue, nichukue kilichomo. Kona ile kuna mtungi, niuvunje. Nikamwuliza, kabati la nani? Akasema la yule bwana. Na yule bwana atasema nini? Akasema hasemi kitu, anarudia tu kwamba leo kuna jua.

Mtu mzima na mkewe wanatazama nyumba yao ikipekuliwa, wanasema leo kuna jua. Nikamsalimia yule bwana, nikamsalimia mkewe, nikatoka. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Nikamaliza kijiji kizima kwa salamu. Dada, haoni, kila nyumba ananiuliza, "Tayari?" na mimi najibu, "Tayari."

Nje ya kijiji kuna madonge ya kamasi yanayotembea. Sitii chumvi, kamasi ya kijani yenye macho, inakurukia. Nikaipiga kwa fimbo, ikanipiga, nikafa. Nikaamka kwa mfalme, nikatoka, nikafa. Siku ya pili nilikufa mara kumi na moja. Dada akaanza kushangaa.

"Hayo madonge hata mtoto anayaua. Una dawa ngapi?"

"Sina."

"Kisu kile cha nyumba ya kwanza?"

"Sina."

"Ngao ya mtungini?"

"Sina."

Akanigeuzia uso wake uliofungwa. "Siku mbili tunaingia nyumba za watu. Umeokota nini?"

"Sijaokota kitu. Vyote vina wenyewe."

Dada alicheka mpaka nikamkumbusha asikaze macho. Alicheka kwa kunidharau, namjua. Akasema nitapigana na fimbo mpaka uzeeni. Nikamwambia haya, tutaona. Na kweli, kwa kuua kamasi mojamoja na kurudi kulala, siku ya tano shujaa wangu alikuwa ameshapata nguvu, na kisu alikinunua dukani kwa jasho lake.

Tukafika darajani. Pale kuna askari, hapiti mtu bila kibali. Dada akasema kibali kiko nyumba ya bibi karibu na kisima, ndani ya droo, na hapa hakuna ujanja, bila hicho gemu limeishia hapo. Nikaingia. Bibi amekaa kwenye kiti, droo iko nyuma ya mgongo wake. Nikamsemesha. Akasema, "Karibu mjukuu wangu, nyumba hii ni yako." Basi, mkaribishaji kama huyo ndiye unayemwibia.

"Fungua," Dada akasema.

"Sifungui."

"Nyigu, ni gemu."

"Najua ni gemu. Sifungui droo ya mtu."

Akakasirika. Akasema nimemharibia siku tano, najifanya malaika. "Shemeji yako siku ya kwanza tu alizipekua zote. Alikuja na mashine jioni imefungwa gazetini, tukacheza mpaka usingizi ukatushika. Nyumba ilikuwa kimya, wewe ndio umehama wiki ile, tukasema afadhali kuna cha kutuchangamsha."

Nikaiweka rimoti magotini. Wiki ile shemeji alikuwa mwezi wa nne hana kazi. Kiwanda kilifungwa, naijua tarehe kwa sababu unga wa nyumba ile nilikuwa nanunua mimi.

"Aliinunua kwa pesa gani, Dada?"

Muziki wa nyumba ya bibi ukaendelea, ule ule, unarudia.

"Nakuuliza. Aliinunua kwa pesa gani?"

"Nilikuja kujua baadaye," akasema. "Miezi mitatu hivi. Aliniambia mwenyewe, akalia."

"Ukanyamaza."

"Alikuwa mume wangu. Ningemweka wapi?"

"Na mimi uliniweka wapi?"

Nikatazama mikono yangu. Siku tano nimeikalia bangili ya bibi yangu, nimeisugua kwa spiriti, nimeitoa mende. Nikainuka nikaenda kunawa. Nikanawa kwa sabuni ya kufulia, nikanawa tena, na harufu ya ile rimoti haikutoka, au ilikuwa puani mwangu tu. Niliporudi Dada alikuwa ameandaa neno lake.

"Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu."

"Ni ndwele," nikamwambia. "Mama anaficha mkoba nikiingia. Miaka minane. Hiyo ndiyo ndwele, na wewe ndiye uliyeniambukiza. Mpigie."

"Bandeji zikitoka nitakwenda mwenyewe, nimweleze vizuri."

"Kwani unapiga simu kwa macho? Namba nabonyeza mimi."

Nikabonyeza, nikaishika simu mdomoni kwake. Ilimchukua muda. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye maumivu, akazunguka, na mimi sikuishusha ile simu hata mkono ulipokufa ganzi. Mwishowe akasema, "Mama, bangili aliichukua mume wangu. Akaiuza. Nilijua." Sikusikia Mama alijibu nini. Kisha Dada akasema, "Ndiyo, yuko hapa," na Mama akakata.

Dada akajifuta pua kwa kiganja. Mtu mzima, kwa kiganja. Nikampa kitambaa.

"Umeridhika?" akauliza.

"Sijaridhika."

Nikachukua rimoti. Nyigu alikuwa bado amesimama mbele ya droo ya bibi. Nikamgeuza, nikamtoa nje, na Dada, anayelijua gemu lile kwa masikio, akausikia mlango.

"Umetoka bila kibali."

"Nimetoka."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutakaa hapa hapa kijijini tuue kamasi. Siku tatu zimebaki. Bandeji zikitoka utaifungua droo mwenyewe, kwa mkono wako, na utamtazama yule bibi."

Nilimpikia, nikamlaza, nikaondoka.

Jumapili nikaenda kwa Mama. Mkoba ulikuwa mezani, katikati kabisa, ameuweka hapo makusudi, hata kitambaa cha meza amekinyoosha. Hakuusogeza. Nikavua viatu, nikaketi. Tukaongea habari za kazi. Kuhusu simu hakusema neno, na mimi nilijua hatasema, kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mikono yake alikuwa ameiweka mapajani, yote miwili, niione.

Kisha akasema, "Mwanangu, nitolee vidonge vyangu. Vimo humo mkobani."

Nilinyoosha mkono, ukafika kwenye zipu ukakataa. Nilijilazimisha, nikaiona droo ya yule bibi wa kwenye gemu. Mama ananitazama, anasubiri, machozi yameanza kumlengalenga.

Nikauinua mkoba mzima, umefungwa zipu, nikampelekea mapajani akavitoa mwenyewe.