Fyuzi Aliiweka Bosi, Lawama Nikapewa Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu hakunipa spana wala bisibisi. Alinikabidhi mita ya kupimia umeme, akanionyesha gari lililoegeshwa uani, akasema, "Hita ya gari lile haiwaki. Zunguka na mita mpaka uniambie umeme umepotelea wapi. Usifungue kitu ambacho hujakipima."

Mimi ni mwanamke wa Tanga niliyezeekea Stockholm. Kazi iliyonilisha hapa ni umeme wa husbil, yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo Waswidi husafiri nayo likizo nzima. Vijana wetu wanaosomea ufundi wameniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Nitaeleza, ila msitarajie niipambe.

Kwanza lieleweni hili. Hita ya gari la namna hiyo huchoma gesi, na watu wengi hudhani mtungi ukijaa basi joto lipo. Sivyo. Feni inayopuliza hewa, cheche inayowasha moto, na kile kibao kidogo kinachoviamuru vyote viwili, vinahitaji umeme wa betri, volti kumi na mbili. Umeme usipofika, utaganda huku mtungi umejaa. Fundi mkuu alitufundisha kuanza na betri, kisha fyuzi, kisha waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chuma cha gari, maana kutu hupenda kujificha hapo, kisha kidhibiti joto cha ukutani. Hita yenyewe hufunguliwa mwisho. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulimpata kila mtu sawasawa, na akikosea alisema, "Hapo nimekosea," kazi ikaendelea.

Alipostaafu tukaletewa msimamizi mpya wa karakana. Ufundi aliujua, sitamsingizia. Alichopenda kuliko ufundi ni kuona ua umebaki mtupu jioni.

Ijumaa moja, watoto wakifunga shule kwa likizo ya majira ya baridi, alikuja mama mmoja Mkongo kutoka Fittja, pembezoni mwa Stockholm, Mama Furaha, pamoja na mumewe na wajukuu wawili. Walikuwa njiani kwenda kaskazini kwenye theluji. Hita yao ilikuwa imezimika kabisa, hata feni haikupumua. Nikapima betri, nzima. Nikafika kwenye fyuzi, imeungua. Nikaweka mpya ya kiasi kilekile, nayo ikaungua papo hapo. Fyuzi ikifanya hivyo inakwambia kuna waya umechubuka mahali na unagusa chuma. Nikaufuata waya kwa macho mpaka ulipopotelea chini ya benchi wanalolalia wale watoto.

Nikamwambia msimamizi, "Lazima ning'oe benchi."

"Weka fyuzi kubwa zaidi," akasema. "Wateja wanasubiri."

"Fyuzi kubwa itanyamaza, waya ndio utakaowaka. Watoto wanalala juu yake. Siweki."

Akanitazama, akaniambia niende nikanywe kahawa, ilikuwa saa ya fika, yale mapumziko ya kahawa ya Waswidi. Nilikwenda nikijua gari limebaki limefunguliwa na hakuna wa kuligusa. Niliporudi uani, gari halipo. Mwenzangu mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bosi ameingia mwenyewe na fyuzi kubwa, ametoka mikono mitupu, na amewaaga wateja kwa mkono.

Nilitafuta namba ya simu waliyoiacha mapokezi, nikapiga, nikapiga tena. Mama Furaha alipopokea hata hakunisalimu. "Tunarudia! Kunanuka plastiki kuungua, mzee amezima kila kitu!"

Walirudi madirisha yote yamefunguliwa katika baridi ile, watoto wamefunikwa makoti ya babu yao. Msimamizi akawatangulia mlangoni akitabasamu, na mbele yangu, mbele ya mafundi wote, akawaambia kwa Kiswidi, "Poleni sana. Fundi wangu huyu bado hajazizoea nyaya zetu."

Nyaya zetu! Nilikuwa nimezishika nyaya hizo miaka mingi kabla yeye hajaujua mlango wa karakana ile. Nikawatazama wenzangu. Kila mmoja akakuta kitu cha kuchunguza ndani ya kikombe chake.

Mama Furaha akampita. Alinigeukia mimi na ile fyuzi ambayo mumewe aliichomoa, akauliza kwa Kiswahili. "Dada, ni weye uliweka hii kitu?"

"Hapana, mama. Nilikataa kuiweka."

Akamgeukia msimamizi kwa Kiswidi safi. "Amesema si yeye, na mimi namwamini. Atatengeneza yeye. Wewe usiingie tena ndani ya gari langu."

Nikang'oa benchi. Skrubu ilikuwa imeubana waya, na plastiki yake imeyeyuka hadi kwenye mbao, nayo mbao imeshaanza kuwa nyeusi. Mumewe akapapasa ule weusi kwa kidole. Nilibadilisha waya wote, nikaupitisha mbali na skrubu ndani ya mpira, nikarudisha fyuzi ya kiasi chake. Feni ikanguruma, moto ukashika, na mjukuu mdogo akatangaza kwa Kiswidi kwamba miguu yake imepata joto.

Walipoondoka nilimwendea msimamizi. Nilimtaka aseme ukweli mbele ya wenzangu, basi. "Mteja ameondoka ameridhika," akasema. "Kwa nini unalikuza jambo?" Nikapanda kwa mwenye karakana. Yeye akaniambia kwamba pale wote ni familia moja. Familia gani inayomtwika mtoto wake kosa la baba na kumtaka acheke?

Niliacha kazi, nikapata nyingine Vällingby, chini ya mkuu wa karakana aliyekuwa akiniuliza, "Umepima nini?" kabla ya kuniambia la kufanya. Huko ndiko nilikostaafia.

Sasa naishi Hallonbergen, na watu huniambia hasira za kazini huisha ukishakabidhi funguo. Labda zao. Majuzi mwenzangu wa zamani alinipigia. Yule msimamizi naye anastaafu. Kutakuwa na keki na hotuba, na ameomba hasa mimi nifike.

"Ameomba ili aniambie nini?" nikauliza.

"Hakusema. Nadhani anataka tu tuwe wote kwenye picha."

Nikamwambia wapige picha bila mimi.