Kanda Iliyomwacha Baba Mdogo Mtumbwini

Nilipokuwa mtoto kule Mofu, bado wa kubebeshwa ndoo ndogo, wavuvi walikuwa na chama chao cha wanaume. Waliuguzana, walizikana, na asiye mwenzao hakutega nyavu pamoja nao. Aliyetaka kuingia ilibidi kwanza afe. Ndivyo walivyosema wenyewe. Walimpaka unga wa mchele usoni, wakamviringisha kwenye mkeka, wakamlaza ndani ya mtumbwi na kuusukuma mtoni, huku sisi wanawake tukisimama juu ya ukingo na kumlilia kama maiti. Kisha waliuvuta mtumbwi, mwenyekiti akamwita kwa jina jipya, naye akasimama. Bibi alikuwa akisema kifo kilichofunguliwa namna hiyo lazima kifungwe, kisipofungwa kitatafuta mtu.

Zamu ya Baba Mdogo Kasto ilipofika, yeye alitaka irekodiwe. Alipenda kuonekana. Akamleta kijana wa Mlabani aliyezoea kurekodi harusi. Wazee walinung'unika, halafu nao wakaanza kunyoosha kola za mashati.

Kijana alirekodi unga, mkeka, mtumbwi ukienda, na Bibi akimlilia mwanawe. Kasto aliposimama, kamera ilikuwa imezima.

"Betri imekata, mama," kijana alimwambia Bibi. "Lakini si sote tumemwona amesimama?"

"Wewe umemwona. Kanda haijamwona. Mrudisheni mtumbwini, muanze upya."

Wanaume wakaangua kicheko. "Mama, unataka tumuue mara mbili?"

"Mimi si huyu hapa?" alisema Kasto, unga ukimchuruzika shingoni. "Maiti gani inaumwa njaa hivi?"

Hata mimi nilicheka. Bibi alijifunga kanga upya, akaondoka.

Baba Mdogo alitoa nakala ya kanda ile, akampa dereva wa lori ampelekee dada yake Mahenge, afurahi. Shangazi Veneranda aliolewa huko zamani, kabla chama kile hakijafika Mofu, na kule milimani hawana mambo ya mitumbwi. Dereva alimwambia tu kwamba mzigo umetoka nyumbani.

Muda si mrefu, asubuhi moja, mdogo wake mume wa Shangazi aliingia uani kwetu akikokota baiskeli. Bibi alikuwa akipepeta mchele. Kasto alikuwa nyuma ya mgeni, kibarazani, akishona wavu.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Msiba gani, baba?"

"Karibu, shemeji!" Kasto aliita.

Mgeni aligeuka. Baiskeli ilimponyoka, gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake. Sijawahi tena kuona mtu mzima akirudi kinyumenyume vile.

"Tumekuona," alisema. "Tumekuona kwenye mkeka. Mama analia. Dada yako ameona."

Kasto bado alikuwa anatabasamu. "Akasemaje?"

"Hakusema. Alianguka palepale mbele ya TV. Tumemzika juzi."

Nilimtazama Bibi. Nilingoja aseme kwamba alituonya. Mchele ulikuwa umemwagika mchangani, naye akainama akaanza kuuokota punje moja moja, mpaka mama yangu alipomshika mikono.

Baba Mdogo aliacha uvuvi, akaenda kulima mpunga. Mpaka leo, kwenye harusi, akiona simu imeinuliwa anatoka nje.

Mimi nina watoto wanne na kazi nyingi, sina muda wa kubishana kuhusu mizimu. Shangazi alikuwa na presha, na muuguzi yeyote atakwambia mshtuko kama ule unaua. Nami naamini hivyo. Lakini Bibi naye alisema kifo kimeachwa wazi, na ndivyo binti yake alivyokikuta. Nimejaribu kutafuta alipokosea, sijapaona.

Wiki iliyopita binti yangu Neema, anayerekodi sherehe hapa Ifakara, aliniambia wavuvi wa Kivukoni wamemwita. Kuna kijana anaingia chamani, wanataka video. Siku hizi hawajali ni mwanamke, wanachojali ni simu nzuri. Alidhani nitamkataza.

Niliichomeka simu yake kwenye chaji mimi mwenyewe, nikaenda kwa jirani kuazima pawabenki.

"Ya nini yote hii, mama?"

"Usizime," nilimwambia, "mpaka umwone amesimama."