Kufuli la Sabato

Kabla ya korona, Mong'ina alikuwa fundi wa sare za shule pale Migori, mmoja tu kati ya wengi. Ugonjwa ulipoingia, shule zikafungwa, barakoa zikaadimika, na ghafla akawa mtu wa kutafutwa. Alikodi stoo nyuma ya duka la vitambaa la Abdisalam, akaita wanawake kutoka Oyugis na Rusinga, na vyerehani kumi na viwili vikanguruma chini ya bati moja. Hospitali za kaunti mbili zilivaa kazi ya mikono yao. Siku hizo ungemwambia kwamba vifaa vya hospitali ni mambo ya Nairobi, angekucheka mpaka umkasirikie.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha ubora. Bila cheti, hospitali zisingenunua kwao tena. Ijumaa jioni, jua likikaribia kuzama, mkaguzi wa cheti akapiga simu: angepita kesho asubuhi akitoka Isebania, na asingerudi tena.

Kesho ilikuwa Sabato.

"Mama, nipe kifunguo," Abdisalam alimwambia. "Wewe enda kanisa. Mimi nitamfungulia, nimuonyeshe mashine, basi."

Akakataa. Amri ya Sabato, alimweleza, inamkataza kufanya kazi hata mgeni aliye ndani ya malango yake.

Abdisalam akatikisa kichwa. "Sasa huyo mgeni ni mimi?"

Mkaguzi alikuta kufuli, akaandika kwamba pamefungwa, akaenda zake. Inauma kusimulia. Oda zikahamia Athi River, karibu na Nairobi, kwenye viwanda vilivyopakana ukuta kwa ukuta, ambako hata elastiki hutoka kwa jirani. Kikundi kingine cha mafundi, cha Homa Bay, kilichopata cheti, nacho kilikufa mwaka uleule. Hilo lingemfariji Mong'ina, lakini halikumfariji hata kidogo.

Juzi alipigiwa simu na Bitutu, aliyekuwa fundi wake wa kwanza. Siku hizi yuko Athi River, anapakia barakoa kwenye maboksi.

"Mama, kazi iko, wanaandika watu. Lakini huku Jumamosi tunaingia. Ukikosa moja, umefutwa."

Mong'ina aliangalia cherehani chake, kilichofunikwa shuka tangu Januari. Sare nazo wazazi wananunua zilizoshonwa tayari.

"Wanachukua mtu wa miaka hamsini na tatu?" akauliza.