Siku Fundi Alipompikia Shefu

Mwanamke akiolewa na mpishi wa hoteli, watu hudhani anakula raha. Fundi alikuwa akisikia hivyo anacheka, na hicho hakikuwa kicheko cha furaha. Mumewe, Shefu, alirudi nyumbani miguu imevimba, nguo zinanuka vitunguu, hataki hata kuona sufuria. Aliyepika ni Fundi. Na Shefu, kabla hajaonja, aliinuka kimyakimya, akachukua kopo la chumvi, akanyunyiza kwenye sahani. Kabla hajaonja, jamani! Kila siku ya Mungu. Yule mama alifiwa, akafilisika, akahama nyumba mvua inamnyeshea, yote akayameza. Lakini kopo lile la chumvi lilimkaa rohoni.

Yeye mwenyewe alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa duka: cherehani dirishani, vitambaa vimejaa hadi kwenye viti, wageni hawana pa kukaa. Majina yao ya kuzaliwa yalibaki kwenye vitambulisho. Mtaa mzima uliwaita Fundi na Shefu, na wao wenyewe wakaitana hivyohivyo mpaka mvi zikawatoka.

Kisha kiharusi kikampiga Shefu asubuhi moja anavaa viatu. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakapotea. Hospitali walimwekea mpira wa kulishia puani, akaung'oa kwa mkono uliobaki mzima. Wakaurudisha, akaung'oa tena. Ndipo wakamfunga mkono ule kwenye chuma cha kitanda. Fundi alimkuta amefungwa hivyo, mwanamume mzima, anatazama dari, na alilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Shefu aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikuwa ameanza kumeza kidogokidogo, na ilionekana mambo yatakwenda. Basi siku moja wakaja wenzake wa jikoni kumjulia hali. Fundi akamnywesha chai huku anapiga soga, chai ikapita njia siyo. Shefu akatoa macho, uso ukageuka rangi. Fundi akamrukia, akamkung'uta mgongoni kwa makofi kama anayetoa vumbi kwenye godoro, mbele ya wale vijana ambao Shefu alikuwa akiwafokea hotelini. Chai ikatoka puani. Akapona. Lakini tangu siku hiyo Shefu alifunga mdomo. Ukimletea kijiko, anageuza uso ukutani. Maji yenyewe ni ya kulowanisha midomo kwa kitambaa.

"Amenuna," Fundi alimwambia kila aliyeuliza. "Nimemuaibisha mbele ya watu wake. Namjua mume wangu, huyo anaweza kununa mpaka kaburini."

Nesi aliyekuwa akija nyumbani alimvumilia, lakini asubuhi moja alimfinya Shefu ngozi ya mkono, akaona inavyochelewa kurudi, akamvuta Fundi pembeni.

"Mama, nisikufiche. Mzee anakauka. Nitarudi jioni. Nikikuta amekula, hata kidogo, kwa mdomo wake, tutaendelea hapa nyumbani. Nikikuta hajala, naondoka naye. Mpira unarudi."

"Na mkono watamfunga?"

Nesi alishika mkoba wake vizuri, akasema, "Kiwe chakula laini, kinachopondeka kwa kijiko, chenye rojo zito. Akae wima, kidevu akishushe. Kijiko kidogo, na usimpe kingine mpaka umeona amemeza."

Fundi alibaki kasimama pale mlangoni. Chakula laini amekwisha kumpikia cha kila aina, kikaishia jalalani. Akajiuliza, huyu mtu anapenda nini? Na hapo ndipo alipokumbuka nyama ya muundi, ile ya mguu wa ng'ombe.

Shefu alifundishwa chakula hicho na mpishi Mwitaliano, ujanani. Hakuwahi kukipika nyumbani hata mara moja, lakini kukisimulia! Wanaume wengine wanasimulia mpira, yeye alisimulia muundi: unavyofungwa uzi, unavyokaangwa, unavyoachwa kwenye moto mdogo mpaka nyama inasahau kwamba iliwahi kuwa ngumu. Fundi aliisikia hadithi hiyo mpaka akaichoka. Sasa alikuwa nayo kichwani yote, na sauti ya msimuliaji haikuwepo tena.

Alikwenda bucha karibu anakimbia.

"Muundi?" mwenye bucha akauliza, shoka liko juu tayari. "Nikukatekatie wa supu?"

"Usithubutu! Weka hilo shoka chini. Chukua msumeno, ukate kwa kuupitia mfupa, vipande vinene, uboho ubaki katikati."

"Makubwa! Shemeji, leo wewe ndiye Shefu?"

"Shefu ana njaa," alisema, akajifanya anatafuta kitu mkobani, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nyumbani alikisukuma kiti cha magurudumu mpaka mlango wa jikoni. Shefu alitupia jicho vile vipande mezani, akageuza uso. "Nuna utakavyo," Fundi akamwambia, "leo utanusa tu."

Alivifunga vipande kiunoni kwa uzi mnene, kila kimoja, nyama isije ikauacha mfupa. Akavipaka unga wa ngano, akavitia kwenye mafuta ya moto. Mkono ulimwasha kuvigeuza, akajizuia: Shefu alikuwa akisema nyama iachwe, ikiwa tayari itabanduka yenyewe. Ikabanduka. Akaitoa, akakaanga vitunguu, karoti na seleri iliyokatwa ndogondogo, akatia kitunguu saumu na nyanya. Hotelini walimimina mvinyo. Yeye alikuwa na siki, akatia siki kidogo na maji ya moto, akarudisha nyama, akafunika, akapunguza moto.

Sasa tungoje. Loh, kungoja! Alijaribu kushona pindo la sketi ya mteja, akashona kinyume, akafumua. Akarudi jikoni, akafunua, akachoma nyama kwa uma. Ngumu kama soli. Akafunika. Akamtazama Shefu, midomo imekauka hadi imepasuka, mashavu yameingia ndani. Akafunua tena. Bado. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimeshavuka meza na kupanda ukutani, na nesi hakuwa mtu wa kuchelewa.

Uvumilivu ukamwishia. Akazungusha kitufe cha jiko, moto ukalipuka chini ya sufuria, kifuniko kikaanza kurukaruka.

Pa! Akashtuka. Shefu alikuwa amepiga mkono wa kiti kwa kiganja. Pa! Pa! Macho yamemtoka, anaangalia moto.

"Kumbe umo!" Fundi akapaza sauti. "Kula hutaki, ila kunikosoa unaweza!"

Pa!

"Haya, napunguza! Napunguza, bwana mkubwa!" Akapunguza mpaka sufuria ikawa inanong'ona tu. Mtu anakufa na njaa na bado anamsimamia kazi! Akamenya viazi kwa nguvu ya hasira, maganda yanaruka sakafuni. Akavichemsha, akaviponda, akavipitisha kwenye chujio, akaona punje moja, akavipitisha tena. Akatia siagi na maziwa ya moto, akakoroga mpaka vikawa laini kama cherehani haijawahi kupita hapo, yaani bila mshono wala kinundu.

Alipofunua sufuria safari hii, mvuke ulimpiga usoni, na nyama ikakatika kwa ukingo wa kijiko tu. Akakata nyuzi, akazitoa moja moja na kuzilaza mezani, akazihesabu na kuzihesabu tena, kwa kuogopa usibaki hata uzi mmoja wa kumkaba. Akagonga mfupa, uboho ukateleza ukaanguka kwenye rojo. Akaponda vyote pamoja, akaweka juu ya viazi, akakuna ganda la limau kidogo. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nje mtu aliyekuwa akipita alisimama, akauliza kwa sauti leo kuna nini kwa Fundi.

Alimkalisha Shefu wima, akamfunga kitambaa shingoni, akajaza nusu ya kijiko cha chai.

"Shefu. Shusha kidevu. Fungua."

Shefu alifumba mdomo. Meno yalibanwa mpaka taya likatokeza.

"Shefu, tafadhali. Onja tu."

Akageukia ukuta.

Fundi akamfuata upande wa ukuta. Shefu akageukia dirisha. Akamfuata dirishani. Akagusisha kijiko kwenye midomo, rojo likashuka kidevuni, mdomo haukufunguka. Na kwa mbali, mwisho wa mtaa, geti la chuma ambalo nesi hupitia lilisikika likifunguliwa. Hapo yule mama alipasuka.

"Basi nenda!" alipiga kelele. "Nenda wakakufunge kamba! Miaka yote napika, unatia chumvi hata hujaonja! Mimi nimekaa kimya! Leo nimekupikia chakula chako mwenyewe, kwa maneno yako mwenyewe, na bado mimi siwezi, mimi sifai! Nimekupiga mgongoni, ndiyo, nimekupiga mbele ya watu, ungetaka nikuache ufe kwa heshima?"

Akajitupa kwenye kigoda, akavuta ile sahani mapajani, akaanza kula yeye. Alikula analia, anameza kwa hasira, kijiko kinagonga sahani. Na chakula, masikini, kilikuwa kitamu ajabu, na hilo likamzidishia kilio.

Mkono wa Shefu ukamshika kiwiko.

Alidhani anamzuia asile. Akataka kuutikisa autoe, ndipo akauhisi: ulikuwa unatetemeka. Si ule mtetemo wa ugonjwa, huo alikuwa ameshauzoea. Ulikuwa umelowa jasho. Akanyanyua uso. Jasho limemtoka Shefu kwenye paji la uso, na macho hayakuwa kwake, yalikuwa kwenye kijiko. Yalikuwa yanakitazama kijiko kama mtoto anavyoitazama sindano.

Kijiko kikamwangukia sahanini.

"Shefu," akasema polepole. "Wewe unaogopa?"

Shefu akafumba macho. Chozi likamtoka jicho moja, lile la upande uliobaki mzima.

Mungu wangu. Siku zote hizi! Yeye anaeleza mtaa mzima kwamba mzee amenuna, mzee ana kiburi, kumbe mwanamume wa watu yuko mle ndani peke yake anaogopa kufa kwa kijiko cha chakula, na ulimi wa kusema hivyo hana. Fundi alijisikia vibaya. Akaiweka sahani mezani, akakivuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

Akachukua mkono ule wenye jasho, akauweka kwenye koo lake mwenyewe.

"Shika hapa. Nitazame." Akatia chakula mdomoni, akashusha kidevu, akameza. Vidole vya Shefu vikahisi koo likipanda na kushuka. "Umeona? Tena." Akameza tena. "Sasa wewe. Nitakushika hivyohivyo. Ikienda vibaya nakukung'uta, hata awepo rais hapa nitakukung'uta. Siendi popote."

Nyayo zilikuwa zinakuja uani.

Alijaza kijiko kidogo kuliko mwanzo. Akaweka vidole vyake kwenye koo la mumewe, ngozi imelegea, mshipa unadunda mbio. Akangoja. Hakusema fungua. Midomo ilitengana polepole, upande mmoja kwanza, na kijiko kikaingia.

Mlango ukagongwa.

Shefu alikiweka chakula mdomoni, hakiendi mbele wala nyuma, macho yamemganda usoni mwa mkewe. Mlango ukagongwa tena. Koo likatikisika, likasimama, likapanda, likashuka. Shefu akakohoa mara moja. Akaubana mkono wa Fundi mpaka vidole vikamuuma. Wakangoja wote wawili kikohozi cha pili, kile kibaya. Hakikuja. Pumzi ikatoka, ikaingia, safi.

"Hodi!" nesi aliita. "Mama, mpo? Gari linanisubiri."

Shefu alifungua mdomo tena, mwenyewe, akashusha kidevu.

"Liambie liondoke!" Fundi akajibu, bila kugeuka, bila kuutoa mkono wake kooni. "Na wewe ingia polepole, usinishtulie mtu. Anakula."