Sakafu ya Klabu ya Ngolo

Shangazi yangu Ida hakuwahi kucheza dansi hata mara moja katika Klabu ya Ngolo, ingawa alifanya kazi pale miaka kumi na tisa. Nalitanguliza hili kwa sababu mwaka huu, lilipotangazwa tamasha la kuzienzi klabu za zamani za mtaa wetu hapa Mbinga, watu walianza kujipa historia. Mimi ni muuguzi, na kila mzee niliyempima presha wiki zile alikuwa amewahi kupiga gitaa. Wengine nawajua vizuri, hata debe hawajawahi kulipiga.

Shangazi hakujipa chochote. Alikuwa mpiga deki, na akiulizwa hujibu hivyo hivyo, mpiga deki.

Kazi ya sakafu aliijulia kwetu Liuli, kando ya ziwa, akiwa msichana wa kufagia wodi za misheni. Muuguzi mmoja mkali alimfundisha kuyeyusha nta ya nyuki, kuichanganya na mafuta ya taa, kuipaka kwenye simenti ikiwa bado vuguvugu, kisha kusugua kwa kipande cha blanketi mpaka ukiinama unaona meno yako. Akaolewa na Hyasinti, Mmatengo, akapandishwa huku Mbinga kwenye baridi na kahawa. Hyasinti alikuwa mtu mzuri ila hakukaa sana duniani. Alimwachia shamba la mteremko lenye ngolo, yale mashimo tunayochimba safu kwa safu ili mvua isiondoke na udongo. Kwa desturi ya huku, mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke anachimba. Mwanaume alipokosekana, Shangazi akafyeka na akachimba. Mgongo wake uliliwa na ngolo, magoti yakaliwa na sakafu ya klabu, na kilichobaki ndicho ninachokichua kwa dawa kila jioni nikitoka kazini.

Klabu zilikuwa tatu mtaani kwetu, Paradiso, Starehe na Ngolo. Ya Ngolo ilikuwa na bendi yake, Ngolo Jazz, na sakafu ya simenti nyekundu ambayo Shangazi aliilisha nta kila Jumamosi asubuhi. Watu walipoanza kuingia kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa mlango wa jikoni, akakaa kwenye kizingiti na kikombe cha chai. Hapo hakuwa anasikiliza muziki. Alikuwa anasikiliza soli. Wanaume wa enzi hizo walikuwa na viatu vya dansi vyenye soli ya ngozi, na kwenye sakafu iliyoshiba nta soli hizo husema shwaa, shwaa, zote pamoja. Zikikwama mahali, yeye hupajua ni wapi hata bila kuchungulia. Akisharidhika, anaosha kikombe, anakwenda zake kulala. Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake yote, na mimi nilipokuwa mdogo nilimwona kituko.

Klabu zilikufa bila msiba. Paradiso ni kanisa la walokole sasa, Starehe ni kituo cha mafuta, na Ngolo imekuwa ghala la mbolea kwa miaka ishirini na ushee.

Sasa akaja Asnath, Afisa Utamaduni, binti wa Kipare aliyehamishiwa hapa mwaka jana. Alikuja na daftari na adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akaeleza kwamba mwenye ghala amekubali kutoa magunia kwa wiki moja tu, Jumatatu hadi Jumapili. Jumapili mchana ndiyo tamasha, na Jumatatu inayofuata lori linarudisha mbolea kwa sababu mvua ziko njiani na wakulima wanaisubiri. Sakafu imechakaa vibaya. Ameambiwa anayeijua ni mama Ida peke yake.

Nilimjibu mimi, na sikumjibu vizuri. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho yamejaa mchanga. Nikamwambia huyu bibi ana miaka sabini na mitatu, akipiga magoti kanisani tunamnyanyua watu wawili. Nikamwuliza kama jina lake limo kwenye orodha ya wanaopewa vyeti. Asnath akafungua daftari, akafunga. Kulikuwa na wapiga vyombo, waimbaji na wenye klabu. Mpiga deki hakuwemo.

"Cheti nitakipeleka wapi?" Shangazi akasema. "Eunice, wewe nyamaza. Nataka niisikie mara moja tu kabla hawajairudishia mbolea. Basi."

Nilinyamaza, lakini nilikasirika, na hasira yenyewe ilinikaa wiki nzima. Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa kumtunza mtu asiyetaka kutunzwa, na huu wa pili haulaliki.

Siku mbili za kwanza alikwangua kwa panga mabaki ya mbolea yaliyoganda kama gamba. Siku ya tatu akaosha kwa sabuni ya unga, maji ndoo kumi na nne, nilizibeba mimi nikilalamika. Alhamisi akaanza nta. Alikuwa anasogea kwa magoti juu ya gunia lililokunjwa, mkono wa kulia ukizunguka, wa kushoto ukimshikilia asianguke. Kila baada ya muda anatulia, anafumba macho, kisha anaendelea. Ijumaa akanyunyiza pumba laini za mahindi zinyonye mafuta yaliyozidi, akazifagia, akaanza kusugua kwa blanketi. Ndipo alipokuja mzee Bernadi.

Bernadi alikuwa mpiga drams wa Ngolo Jazz, na ndiye pekee aliyebaki hai katika bendi ile. Masikio yake yamechoka, ukiongea naye unaongea na mtaa mzima. Alivua kofia mlangoni, akaingia taratibu, akaburuta kiatu kimoja mbele, akakirudisha nyuma. Shwaa.

"Umeisikia?" Shangazi akamwuliza kwa sauti kubwa.

"Nimeisikia kwa mguu." Akacheka. "Vijana wa kukodi kutoka Songea wananiuliza, mzee, wimbo huu ni hesabu ngapi? Mimi sijawahi kuhesabu! Mimi nilikuwa napiga kwa soli za watu. Wakiburuta miguu ardhi inaniambia, nami naijibu. Sasa Ida, ukinilainishia vizuri sakafu hii, Jumapili sitaaibika."

"Hutaaibika," Shangazi akasema.

Jumamosi jioni akamaliza. Sitasema uongo, ilinishinda kuendelea kununa. Wekundu wa sakafu ulikuwa umerudi, madirisha yote ya ukumbi yalionekana chini kama ziwa la Liuli likiwa limetulia asubuhi. Nilimbeba Shangazi mgongoni mpaka kwenye bajaji. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitia huzuni.

Jumapili baada ya misa ya pili tulikwenda. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba. Hakutaka kiti cha ndani. Nikamweka kwenye kizingiti chake cha jikoni, nikamtafutia chai, halafu nikaingia ukumbini kuangalia.

Sakafu haikuwepo. Ukuta hadi ukuta palitandikwa mazulia mekundu ya harusi, yale anayokodisha Sixbert pamoja na maturubai yake, na juu yake meza kuu ina maua ya plastiki. Nilimshika Asnath mkono.

"Dada Asnath, hiki ni nini?"

"Dada Eunice, jamani, nisamehe." Alikuwa anatokwa jasho. "Asubuhi mshereheshaji ameteleza, kidogo avunjike kiuno. Mgeni rasmi akianguka hapa, kazi sina. Mama amefanya kazi nzuri mno, ndiyo tatizo."

Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa amechoka kama mimi. Nilirudi jikoni. Shangazi, ambaye hakuwa amesikia soli hata moja, akanitazama usoni.

"Wametandika nini?"

"Mazulia."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini. Hotuba zikaanza. Mgeni rasmi akasifu urithi wetu kwa dakika arobaini, vyeti vikagawiwa, picha zikapigwa. Wazee waliokuwa wametoka mbali kama Lituhi, viatu vyao vya ngozi wamevipaka rangi upya, walikuwa wanapiga makofi kwa heshima na kusinzia kwa zamu.

Kisha muziki ukaanza, na hapo hata mimi nisiyejua kitu nilijua mambo yameharibika. Magitaa ya vijana yalikwenda upande mmoja, drams za Bernadi upande mwingine. Alianza vizuri, akachelewa, akakimbilia, akachelewa tena. Wachezaji walikuwa wanainua miguu juu juu kama watu wanaovuka tope, maana zulia halikubali kuburuta. Hakuna sauti ya mguu hata mmoja. Mtu akacheka. Mwingine akapaza sauti, "Mzee amelewa!" Bernadi hajagusa pombe tangu mkewe afariki.

Shangazi aliyasikia yote kutoka pale alipokaa.

"Nilimwambia hataaibika," akasema. "Ninyanyue."

"Shangazi, tuache, twende nyumbani."

"Eunice. Ninyanyue."

Nikamnyanyua. Alipita jikoni akishika ukuta, akaingia ukumbini kwa mlango ule ambao kwa miaka kumi na tisa alikuwa anautumia kutokea. Sikuelewa anakwenda wapi mpaka alipofika kwenye ukingo wa zulia, akajishusha, goti moja, halafu la pili, mbele ya meza kuu na mbele ya mtaa mzima, akaanza kulikunja.

Muziki ukakatika. Nilisikia magoti yake yakilia. Watu wakaanza kunong'ona, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake niliona aibu, naikiri, niliona aibu ya kuonekana ndugu yake. Asnath akaja mbio.

"Mama Ida! Mama, nakuomba. Mgeni rasmi bado amekaa juu yake!"

Shangazi hakuacha kukunja. "Mgeni rasmi anyanyue miguu."

Halafu kule nyuma mzee mmoja akaangua kicheko, akafuatwa na wa pili, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kumcheka. Mgeni rasmi alitazama kulia na kushoto, hakuona wa kumsaidia, akainua miguu yake miwili hewani kama mtoto anayefagiliwa chini ya kiti. Ndipo nami nilipopiga magoti. Nilikaa kando ya Shangazi, nikashika zulia, na sakafu ilikuwa baridi, ngumu, inauma hasa. Nilikuwa nimechua magoti yale miaka sita bila kujua yalikuwa yanakaa juu ya nini. Niliona haya kwa mara ya pili siku ile, safari hii kwa sababu inayostahili.

Asnath alisimama kidogo akiwa amejishika kichwa. Kisha akavua viatu vyake virefu, akaenda kushika pembe ya pili. Watu wakavuta meza, wakavuta viti. Mazulia yakarundikwa ukutani, na wekundu ukatokea.

Bernadi aligonga fimbo zake mara moja. Mzee mmoja wa Lituhi akamchukua mkewe, akateleza hatua ya kwanza. Shwaa. Wengine wakafuata, jozi nne, jozi kumi, viuno vikiwa vimekauka na soli zikiwa bado zinakumbuka. Shwaa, shwaa. Nilimwona Bernadi akiinamisha kichwa kuelekea chini, akatulia, kisha mikono yake ikaingia mahali pake na haikutoka tena. Vijana wa Songea wakamfuata yeye.

Nilijaribu kumnyanyua Shangazi tukae pembeni. Magoti yakagoma. Nikaita mtu wa kunisaidia, akanizuia kwa mkono.

"Niache hapa."

Basi nikabaki naye chini, watu wakitupitia huku na huku, pindo za magauni zikitugusa mabega. Miaka yote alikuwa ameisikia sakafu yake kupitia ukuta. Sasa ilikuwa inapita chini ya viganja vyake, alivyoviweka bapa juu ya simenti, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujali kuyafuta. Tulikaa hivyo nyimbo tatu. Katikati ya wimbo wa nne akainua kichwa ghafla, akasikiliza, akakunja uso.

"Pale karibu na nguzo hapajashika," akasema. "Unasikia wanavyokwama? Nta ilikuwa nzito pale. Kesho asubuhi unilete nipitie tena."

Nilimwambia sawa, Shangazi, nitakuleta. Sikumkumbusha kwamba kesho ni Jumatatu, siku ya lori.