Lidia Hakufa Ghafla

"Aliugua kwa muda mfupi."

Lameki, kaka mkubwa wa shemeji yangu, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma hivyo mbele ya jeneza la mdogo wangu Lidia, na kijiji kizima cha Kichiwa kikainamisha vichwa. Muda mfupi! Nilikuwa nimekuja kwa mambo mawili tu, kumzika Lidia na kuondoka na mwanawe Rejoice, lakini hilo la muda mfupi sikuweza kulimeza. Nikainuka kwenye mkeka, nikachukua kipaza sauti.

"Kamwene," nikasalimu, maana adabu ninayo. "Mimi ni Jasmine, dada yake. Sasa sikilizeni wasifu wake wa kweli."

Watu wakaguna. Mama mkwe wake akashika shavu. Sikujali.

Nikawaambia Lidia alikuwa mtoto wa vicheko, anasikika hadi ng'ambo ya bonde. Alipokuwa darasa la tatu koo lilimvimba. Baadaye magoti yakamuuma, yakapoa, maumivu yakahamia kwenye viwiko. Alikandwa maji ya moto, yakaisha, hakuna aliyejua kwamba ugonjwa umebaki ndani. Akaolewa huku, akalima viazi vyenu, akamzaa Rejoice. Mwaka jana akaanza kuhema akipanda na ndoo, nanyi mkasema mvivu. Baada ya mavuno akahamia jikoni usiku. Alilala amekaa, mgongo ukutani, kando ya moto. Kwa kuwa baridi ya huku kila mtu anaijua, mkaona anaota moto tu. Mkamwita paka wa jikoni. Miezi minne mtu hagusi kitanda chake, na nyie mnacheka!

"Mimi nilimwona alipoletwa hospitali Makambako, ninakouzia mitumba," nikaendelea. "Nilikuta mwanafunzi wa uuguzi, Patrick, anamlazimisha alale chali apimwe. Lidia anamsukuma. Kijana akamlalamikia mwalimu wake, Sista Eufrasia: 'Mgonjwa mkaidi huyu.' Sista akamshukia. 'Mkaidi wewe! Umemuuliza kwa nini hataki?' Akamwinua Lidia, akamwegemeza kwa mito, akamuuliza nyumbani analalaje. Lidia akajibu kwa pumzi za kukatika, 'Nakaa. Nikilala nazama.'"

Sista alimsikiliza moyo, akawageukia wanafunzi wake. Maneno yake niliyarudia pale msibani kama nilivyoyasikia. "Moyo una milango, ndiyo valvu. Huyu, mlango wa upande wa kushoto umekakamaa, haufunguki vizuri. Damu inarundikana nyuma yake, mapafu yanajaa maji. Akilala chali maji yanamkaba. Haya yote yameanzia kwenye koo la utotoni ambalo halikutibiwa. Mgonjwa akikataa kulala, msimgombeze, muulizeni!"

Lidia alikata roho siku ya tatu, akiwa bado amekaa. Nikamrudishia Lameki kipaza sauti chake.

Tulipotoka makaburini nikamfuata mama mkwe. Sista alikuwa ameniuliza kama kuna mtoto nyumbani mwenye dalili zile, na Rejoice mwenyewe aliniambia koo limemuuma wiki nzima, sasa ni magoti.

"Mama, naomba nimpeleke mtoto hospitali leo."

"Leo? Udongo wa mama yake bado mbichi! Subiri tuanue matanga."

"Ugonjwa hausubiri matanga, mama."

"Umetutukana mbele za watu, sasa unatupokonya na mjukuu!"

Nikamtazama shemeji Anania, mume wa Lidia. Kimya, macho chini, kama hayamhusu. Wanaume wengine jamani! Nikamshika Rejoice mkono, nikashika njia ya kwenda barabara kuu.

Tulikuwa tumepita mashamba mawili niliposikia Anania anatukimbilia.

"Shemeji, usimkokote. Magoti yanamuuma tangu Jumapili."

"Kumbe unajua!" nilimfokea. "Unajua, na umekaa kimya pale!"

Alichuchumaa, akambeba mtoto mgongoni, akatangulia.

Makambako daktari alimpima Rejoice, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Valvu zilikuwa bado nzima. Akaandika sindano ya penisilini, ianze siku hiyo, irudiwe kila mwezi kwa miaka, bila kuruka hata mmoja, ili ugonjwa usiufikie moyo. Sista Eufrasia akamchoma mwenyewe. Mtoto alipiga kelele mpaka wanafunzi wakachungulia mlangoni.

Anania alikitazama kichupa kitupu cha dawa.

"Sista, ni hii tu?"

"Ni hii tu, baba."

"Kama mama yake angechomwa hii akiwa mdogo?"

"Huenda leo angekuwa amekaa hapo ulipo, amempakata mwanawe."

Anania akafunika uso, akalia kwa sauti, mwanamume mzima mbele ya wanafunzi. Kijana Patrick akaniangalia, akitegemea nimbembeleze shemeji yangu. Nilimchukua Rejoice, nikamwacha alie.