Nilinunua flash ya studio ya bei nafuu kwa kuangalia watts, halafu nikaipeleka Beni

Wakuu, salamu kwenu, na bonjour kwa ndugu zangu wa Butembo, Lubero na Beni.

Mimi ni mama photographe wa hapa Butembo. Nitakayosimulia yalinipata mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana yalivyo yanatosha. Kiswahili yangu ni ya Congo. Nimejaribu kuinyoosha kwa ajili yenu, penye itapinda mutanisamehe.

Naona humu watu wanauliza kila mara: flash gani ya studio ni ya bei nafuu kwa portrait? Na majibu ni watts, watts, watts.

Acha niwaambie yale yenye mimi sikuambiwa.

Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Muda mrefu nilitumia flash ndogo ya kupachika juu ya camera. Kazi ilienda, mais, yaani lakini, uso wa mteja ulitoka bapa kama sahani, paji linang'aa.

Wateja hawakulalamika hata. Wengine walifurahi wametoka weupe.

Mwenye shida nilikuwa mimi, kwa sababu nilianza kuangalia YouTube.

Wakuu, YouTube ni kitu kibaya kwa mtu mwenye mfuko mdogo. Nikajua softbox, lile sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga. Nikajua kivuli laini na kivuli kikali. Mume wangu Kambale akachoka: "Masika, hata mu misa unaangalia batu kivuli ya pua. Omba Mungu, mama."

Sasa, kuchagua.

Kwa mfanyabiashara mwenye kuleta vitu kutoka Uchina kulikuwa na aina mbili. Moja iko na battery yake ndani: nguvu kidogo, bei juu. Nyingine haina battery, unaichomeka kwenye courant, yaani umeme wa ukutani: nguvu nyingi, bei chini.

"Battery ni ya batu ya kutembea-tembea," akaniambia. "Weye uko na studio. Courant uko nayo."

Courant niko nayo, ni kweli. Inakuja siku ikitaka.

Lakini lile neno "studio" lilinilewesha. Nikachukua ya kuchomeka. Na ili bei ifike, nikauza flash yangu ndogo. Nilitoka pale najiona professional.

Siwezi kuisingizia: hapa nyumbani ilifanya kazi nzuri. Siku zenye courant.

Picha moja ikaonwa na Kanyere, mama anayeuza samaki wa Kyavinyonge hapa mjini. Akanitafuta. Wazazi wake wanaishi Beni, walikuwa wanafanya jubilei ya ndoa. Kaka zake walikuwa wanatoka Kirumba na Kalunguta, wote siku moja, kitu chenye hakitokei mara nyingi.

"Hawana photo hata moja benye kuwa pamoja," akasema. "Banazeeka, Masika. Nataka kubwa, ya kutundika salon, penye bageni banakaa. Na ile mwangaza yako, usiiache. Kwetu kuko groupe, courant hautakosa."

Groupe ni generator, kwa wale wa mbali. Nikasema sawa.

Asubuhi ya siku hiyo nikapanda moto, yaani pikipiki, mfuko mgongoni: flash, mguu wake, mwavuli wake wa kulainisha mwanga. Njiani tukafika kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi.

Mwanajeshi kijana, mwenye kutoka province ingine, akasema nifungue. Akaitoa flash.

Wakuu, hapo ndipo nilipoiona kwa macho ya mtu mwingine. Bomba nene, jeusi, lina kioo mdomoni na kishikio chini. Hata mimi ningejisimamisha.

"Oyo nini?" akauliza kwa Lingala. Hii ni nini?

"Ni flash, chef."

"Flash?" Akaigeuza. "Flash disk? Kubwa hivi? Iko na bafilme ngapi?"

"Hapana flash disk, chef. Ni ya mwangaza. Ya kupiga nayo photo."

"Donc, iwashe."

Nikaangalia kulia na kushoto. Kulikuwa na kamba katikati ya barabara, mbuzi mmoja, na migomba.

"Haiwake pasipo courant, chef."

"Iko ya mwangaza, lakini haiwake."

"Ndiyo, chef."

Nilijisikia mwenyewe vile ninavyosema, nikamwelewa.

Wakamwita mkubwa wao, Capitaine. Mtu wa adabu, anasema Kifaransa cha mwalimu. Alikuwa na kigroupe kidogo cha kuchajia simu. "On va vérifier," akasema. Tutahakikisha.

Tukaichomeka. Taa ndogo iliyo ndani yake ikawaka.

"Kumbe ni ampoule, balbu tu," kijana akasema, kama mtu aliyeibiwa.

Nikamwomba Capitaine awaonye watu wake kwanza, maana ikipiga inatoa mwanga na sauti, paf! Na mahali kama pale, paf ya ghafla si mchezo. Akatangaza kwa nguvu: mama atapiga mwangaza, mutu asishtuke.

Basi nani asimame mbele? Kila mtu akaangalia mbuzi. Capitaine akaeleza kwamba yeye ndiye anayehakikisha, hawezi tena kuwa mwenye kuhakikishiwa.

Mwishowe akasimama yule kijana. Akavua kofia, akajifuta uso, akaniomba photo isishuke mpaka kwenye viatu vyake.

Paf.

Nikamwonyesha. Akakaa na ile camera mkononi.

"Mama yangu anaweza kuiona?" akauliza. "Yeye iko Kananga."

Nikasema nitaituma kwa simu.

Basi, wakuu, kuhakikisha kukaendelea. Mmoja baada ya mwingine, kila mtu alitaka kuhakikisha. Motard wangu, mwenye kuniendesha, alilala juu ya moto yake. Capitaine akaja wa mwisho, amebadilisha shati.

Nikanyanyua camera. Kigroupe kikakohoa, kikanguruma kwa nguvu, na flash ikajipiga yenyewe. Tak! Halafu harufu ya plastiki inayoungua.

Capitaine akainama, akaigonga kwa kidole. Hakuna kitu.

"Bon," akasema. "Sasa haina danger. Mama, unaweza kwenda."

Nilifika Beni jua limeshapita katikati. Familia yote imevaa pagne, kitenge cha aina moja, imekaa. Groupe inanguruma. Kanyere ametundika hadi pazia nyuma ya viti, na waya umeshavutwa mpaka salon.

Nikamwita pembeni, nikamwambia.

"Masika," akasema, hata hakunipigia kelele, "bakaka yangu banarudi kesho. Hatuna siku ingine."

Nikafungua mfuko, nikaufunga tena. Hata kile kiflash changu cha zamani kilikuwa kwenye camera ya mtu mwingine.

Mama yake, Mama Kahindo, alikuwa amekaa mlangoni. Akasikia.

"Ile mashini ya kupasuka ndiyo imekufa?"

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Aksanti Mungu."

Tukageuka wote.

Akasema tangu siku walipokimbia kijiji chao, kitu kikipasuka, miguu yake inatangulia kukimbia kabla yeye hajafikiri. Tangu asubuhi, alipoambiwa inapiga paf, alikuwa anatafuta namna ya kutuambia.

"Na haukusema hata neno moja?" Kanyere akauliza.

"Mulikuwa na furaha na ile mwangaza yenu. Ningesema nini?"

Kanyere akakaa chini kwenye ngazi, na pagne yake mpya.

Tukazima groupe. Nikatoa viti nje, nikavipanga nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Kaka wawili wakashika bâche nyeupe, ile turubai ya kufunika maharage, ili irudishie nyuso mwanga. Mzee, baba yao, alikaa kama anapigwa photo ya carte d'électeur, ile kadi ya kura. Mkewe akaona uzi kwenye kola ya mzee, akautoa. Mzee akamwangalia, na hapo nikabonyeza.

Kivuli kilitoka laini kabisa, bila watts hata moja. Msinielewe vibaya: lilikuwa wingu limenihurumia. Saa ileile mvua ingekuja, ningelia.

Picha nikaichapisha kubwa, nikaipeleka. Watoto walifurahi sana. Mzee aliipima kwa mikono, halafu akaniuliza kama naweza kutoa ndogo, ya kuingia mfuko wa shati.

Nikamwambia kwa ndogo hivyo sura hazitaonekana vizuri.

"Ile kubwa ni ya batoto," akasema. "Yetu ni ya kukimbia nayo."

Nikaitoa ndogo, nikaitia ndani ya plastiki.

Picha za barrière nazo nilizituma zote. Ya Kananga ilifika, mama mtu akajibu kwa sauti ya dakika nzima ambayo sikuelewa neno, mais alikuwa anacheka. Capitaine analalamika mpaka leo kwamba yake haikutoka.

Sasa somo langu. Mwenye bei ndogo asianze na watts. Aanze na courant ya kwake, na barabara atakayopita. Leo natumia ya battery, nguvu kidogo, nimeizoea. Naisogeza karibu na mteja, inatosha portrait. Ukiwa na groupe ndogo ya kuchajia simu, usichomeke flash ya studio, hata kama mwenye kukuomba amebadilisha shati.

Na kabla ya kuwasha, sasa namuuliza kila mtu: itapiga mwanga na sauti, naweza? Wengi wananishangaa. Wachache wanasema hapana, naenda nao nje.

Nyinyi huko kwenu munauliza? Na munatumia flash gani? Semeni hapa chini, wenye kunicheka pia karibu. Na kama kuna anayejua fundi wa kufufua flash iliyokufa kwa vérification, namba yangu atapata inbox.